Kuku wa Mama na Nyumba ya Magurudumu

Godoro jipya la sponji lina harufu yake. Ni harufu ya nailoni iliyopigwa jua, kali kidogo, inayokaribia ya gundi, na ukililalia usiku wa kwanza inakufuata mpaka ndotoni. Juzi nilikwenda soko la Konyokonyo, hapa Juba, kununua moja. Nilitaka lililokatwa jembamba, la kutosha kitanda cha nyuma ya gari, kwa sababu mume wangu nami tumeamua kuwapeleka watoto wetu Uganda, kutembea. Muuza magodoro, mama wa Kiganda mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisimamisha kisu chake juu ya sponji akanitazama.

"Dada, iko nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Nahama?"

Ninyi mliokulia Juba pamoja nami hamhitaji kuelezwa kwa nini aliuliza. Kwetu sisi, anayenunua sufuria ananunua sufuria, lakini anayeonekana na godoro barabarani ana habari ambayo wewe huna. Nilifungua kinywa nimjibu, na harufu ile ikanipanda puani, nikajikuta nimerudi mtaani Munuki, uani kwetu, nikiwa mtoto wa miguu yenye vumbi, na Baba yuko juu ya kiti anaapa mbele ya mtaa mzima kwamba sisi hatukimbii vita.

Baba alikuwa fundi na dereva wa hoteli moja kule Hai Amarat. Jioni moja alirudi na ovaroli yake yenye grisi, akasimama mlangoni pa jiko bila hata kusalimia.

"Mama Keji," alisema, "leo nimeingia kwa nyumba ya watu, nikakunywa chai, nikatoka, na nyumba ikaenda."

Keji ndiye mimi. Mama hakugeuka. Alidhani mume wake amepita mahali pa kupatia pombe.

Ilikuwa hivi. Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, walikuwa wameingia hotelini na gari kubwa jeupe lililotoka upande wa Uganda. Walikataa chumba. Meneja alichukia sana, kwani mtu anakujaje hotelini na kitanda chake? Lakini springi ya gari ilikuwa imevunjika, Baba akaitwa alale chini yake, na alipomaliza wale wazee wakamkaribisha ndani. Alituonyesha kwa mikono yote miwili alichokiona: sinki la kuoshea vyombo, jiko, kabati zenye vishikizo ili milango isifunguke gari likiruka mashimo, meza ambayo ukiikunja inakuwa kitanda.

"Sasa mimi nikawauliza, kwenu kuna nini? Nani aliwafukuza? Huyo mama akacheka mpaka akashika meza. Ati hakuna. Wamestaafu, wanatembea tu. Hakuna kitu iliwafukuza, Mama Keji! Watu wamebeba nyumba yao yote na hakuna kitu iliwafukuza!"

"Basi hawa hapana akili," alisema Mama, akageuza asida, ugali wetu, kwenye sufuria. "Mtu iko na nyumba yake, nakwenda lala barabarani?"

Niseme kidogo kuhusu maneno ya nyumbani kwetu, msije mkashangaa. Baba alijifunzia ufundi Nakuru, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya na alijivunia. Mama alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, ambako Kiswahili ni cha sokoni na barabarani, na hakuna anayekosa usingizi kwa sababu ya sarufi. Haboba, yaani bibi yangu mzaa mama, alichanganya cha Mama na Kiarabu cha Juba, kisha akatemea juu yake mate ya tumbaku. Mimi hiki ninachoandika nilikipata baadaye, shuleni Kitale, na kama nimemnyooshea mtu maneno hapa na pale anisamehe.

Tulidhani Baba atasahau. Hakusahau. Baada ya muda alikuja akivutwa na lori la rafiki yake, yeye mwenyewe ameshika usukani wa basi dogo bovu ambalo majani yalikuwa yameota kwenye sakafu yake. Lilikuwa limebeba abiria miaka mingi mpaka injini ikakata tamaa, likaachwa nyuma ya gereji. Baba alilisukuma likaingia uani, likaziba mlango wa jiko, na Mama ikambidi apite kwa ubavu kila alipotaka kuchota maji. Nadhani uadui wake na gari lile ulianzia hapo.

Kila jioni, akitoka kazini, Baba alifufua injini kidogo kidogo, akang'oa viti. Alibakiza vya mbele na benchi moja. Nyuma akapigilia mbao za kitanda. Juu ya paa akafunga jerikeni kubwa la njano lenye bomba na koki ndogo, na siku maji yalipotoka kwenye koki kwa mara ya kwanza tulipiga makofi, mimi na mdogo wangu Wani, kana kwamba Baba ameleta Mto Nile wenyewe ndani ya basi. Kabati nazo zikapata vishikizo. Alimwomba Mama ashone mapazia, Mama akasema macho yanamuuma. Basi Baba akashona mwenyewe, vitenge viwili, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, na aliyapenda mapazia yale kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza.

Tukiwa tunakula alichora njia mavumbini kwa kijiti. Hapa Juba. Hapa Nimule, tunavuka mpaka. Hapa Gulu. Hapa Karuma, maji yanaanguka kwa kelele, tutasimamisha gari tuyasikilize tukiwa tumelala. Hapa Jinja, Nile inapotoka ziwani. "Hii maji inapita hapa kwetu," aliniambia, "si ungependa kuona kwao?" Njiani, alisema, tutapita pia kambi aliyokulia Mama, tuone kama nyumba yao ya udongo bado imesimama. Tungeondoka shule zikifungwa na kurudi kabla hazijafunguliwa.

Mama alikuwa akila mkono mmoja umeshika sahani. Baba alipofika hapo kwenye kambi, Mama alinyanyuka, akashika ufagio, akafagia uwanja. Alianzia mbali akaja mpaka miguuni mwetu, akafagia Gulu, akafagia Karuma, akafagia Jinja, na Baba akabaki na kijiti chake.

Sasa nieleze kilichokuwa kichwani mwangu, maana hapo ndipo palipo na jambo lenyewe. Mimi nilijua kwamba tunakimbia. Hakuna aliyeniambia, lakini nilikuwa nimelelewa na Haboba, na hadithi zote za Haboba zilianza namna moja: watu wako nyumbani, baba wa nyumba anaanza kurekebisha kitu chenye magurudumu, wakubwa wanacheka sana mbele ya watoto, halafu siku moja hawapo. Baiskeli, mkokoteni, trekta la misheni. Katika hadithi zile wakubwa hawakusema kamwe "tunakimbia." Walisema tunaenda kumwona mjomba. Walisema tunaenda kutembea. Na Baba kila siku alisema nini? Tunaenda kutembea. Kadiri alivyochangamka ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nilimwona baba yangu kuwa mtu jasiri sana, anayeshona mapazia huku moyo wake unalia.

Kwa hiyo sikuuliza. Mtoto mwema katika hadithi za Haboba hakuulizwa wala hakuuliza. Nilianza kuliaga kila kitu kimyakimya: mti wa mwarobaini, choo, mbuzi wa jirani ambaye hata sikumpenda.

Kisha likaja godoro. Baba alilileta kwa raksha, yaani bajaji, limelazwa juu ya paa, nailoni yake inapigapiga upepo, na raksha ikapita kituo cha bodaboda, ikapita mbele ya duka la Mama Nakato, ikaingia kwetu. Mama Nakato alikuwa mama wa Kiganda aliyeuza unga, chumvi, sabuni na habari. Hakupoteza muda. Alikuja na kijiko cha kupimia sukari bado mkononi.

"Baba Keji, iko nini?"

"Hakuna kitu. Ni godoro."

"Mimi naona godoro. Mimi nauliza, hawa wazungu ya Amarat nakwambia nini?"

"Wazungu gani? Tunaenda kutembea, mama. Likizo. Uganda."

Mama Nakato alilitazama gari. Aliona jerikeni la maji juu ya paa, sufuria zimefungwa ndani ya kabati zisigongane, mkaa na nguo ndani ya gunia. Akamtazama Baba kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekatazwa kusema.

"Sawa," alisema. "Mimi nasikia." Akarudi dukani kwake upesi.

Jua lilikuwa halijashuka mtaa ukawa umejaa watu. Dukani kwa Mama Nakato walipanga mstari wa unga na chumvi. Jirani yetu wa nyuma alikuwa ametoa kitanda nje na anakifungua. Nyumba ya tatu walisimamisha pikapu na kuanza kupandisha wazee. Hoja yao ilikuwa nyepesi na, kusema kweli, haikuwa ya kijinga: Baba Keji anafanya kazi Amarat, wanakolala wageni wakubwa, wageni wakubwa huambiwa mapema, Baba Keji amejenga gari la kulalia na leo ameleta godoro. Nani tena anahitaji redio?

Hapo ndipo Baba alipopanda kwenye kiti.

"Jameni! Hakuna vita! Hakuna kitu! Tunaenda kutembea, tunarudi!"

"Na godoro?" mtu aliuliza.

"Ni ya kulala!"

"Mtu anakwenda tembea na godoro yake?"

Baba akajaribu kueleza juu ya wale wazungu, kitanda, sinki na chai. Kila alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Ikabidi alitoe godoro garini, alibebe kichwani mbele ya watu wote mpaka ndani ya nyumba, na hapo ndipo jirani wa nyuma alipoanza kukifunga tena kitanda chake, akimlaani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tairi. Nilifikiri: anawadanganya ili tusigombanie barabara.

Watu walipotawanyika, Mama alimkabili Baba uani. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile kwa mfululizo.

"Umeona? Umeona wewe nafanya nini? Wazee napanda pikapu! Wewe nacheza na hii kitu, wewe hapana jua hii kitu. Wewe ulienda Kenya na basi, na sanduku, kusoma. Mimi nilikwenda na miguu."

"Najua, Mama Keji. Ndio maana nataka..."

"Hapana jua! Mimi nilikuwa na kuku. Yangu. Baba yangu alinipa, kuku ya kwanza, nyekundu. Ilikuwa imelala juu ya mayai, bado kidogo tu. Mama akasema, vaa nguo, tunakwenda tembea kwa shangazi. Nikauliza, na kuku? Akasema, tutarudi kabla mayai haijafunguka." Aliinua vidole vyake kumi. "Mimi nilihesabu siku, njia yote. Kwa msitu nahesabu. Kwa kambi nahesabu. Nikawa mama ya watu, na bado. Sasa wewe nakuja na mdomo yako, nasema, tunakwenda tembea."

Haboba alikuwa kwenye mkeka wake chini ya ukuta, anasikia kila neno. Alitafuna tumbaku polepole, halafu akaacha kutafuna.

"Khalas," alisema Baba kwa sauti ndogo. Basi, imekwisha. "Nitarudisha viti. Hatuendi."

Kesho yake alianza kufungua misumari ya kitanda. Alitoa mapazia kwanza, akayakunja vizuri. Nilimwonea huruma lakini sikushangaa. Nilielewa kwamba watu wameshatugundua, kwa hiyo tutakimbia kwa njia nyingine, labda kwa miguu. Na kama ni kwa miguu, vitu haviwezi kubebwa. Na vitu visivyobebeka, Haboba alikuwa amenifundisha vinafanywa nini.

Wakati ule wa mchana ambapo watu wazima wanalala kidogo, nilichukua sahani zetu za bati, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu ambazo Mama alizitoa kwa wageni tu, nikazifunga kwenye nailoni iliyotoka kwenye godoro jipya, nikaenda nyuma ya jiko na jembe fupi. Haboba, enzi za kukimbia kwao, alikuwa amezika mawe ya kusagia, vikombe na cherehani ya babu. Alinisimulia mara nyingi namna inavyofanywa: unachimba karibu na kitu kisichohama, unafukia, unafagia juu, unamwaga maji kidogo ili udongo ukae. Ardhi ilikuwa ngumu. Shimo lilikuwa limenifikia magotini nilipoona kivuli cha Mama kimeanguka ndani ya shimo.

Nilingojea kofi. Sahani zile zilikuwa za wageni.

"Nafanya nini, Keji?"

"Nazika sahani, Mama."

"Kwa nini?"

"Tukirudi tuzikute." Kisha, kwa kuwa hakunipiga, nikamwambia na lile lingine. "Mama, mimi najua tunakimbia. Silii. Wani hajui, sijamwambia."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na nguo yake ya kanisani. Aliangalia shimo, akaangalia nailoni, akapitisha kidole kwenye fundo nililolifunga. Lilikuwa fundo la Haboba, lile la kuzungusha mara mbili. Nilidhani ameudhika sana. Sasa nina watoto wangu mwenyewe, na najua alikuwa anatazama nini. Alikuwa amepanga mimi nisirithi kitu kile, akanilea ndani ya nyumba yenye mlango na kufuli, na bado nilikuwa nimekipata, kizima, pamoja na fundo lake.

Alizichukua sahani, akazikung'uta, akanishika mkono. Tulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa Haboba. Mama akaziweka mbele yake.

"Mama," alimwambia. "Tazama huyu mtoto. Alikuwa nazika."

Haboba alizipapasa. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini alijua kitu gani amekishika.

"Ulinidanganya," alisema Mama. Hakupaza sauti. "Siku ile. Ulisema tutarudi kabla mayai haijafunguka."

"Eeh. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Malesh, binti yangu." Haboba aliomba radhi kwa neno lile dogo la Kiarabu analolisema mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni, lakini sauti yake ilikuwa nyingine. "Mimi ningesema nini? Wewe iko mdogo, natembea na miguu yako, mimi nabeba ndugu yako. Kama mimi nasema nakimbia, wewe nalia. Wewe nalia, watu nasikia sisi. Nikasema tembea. Kila siku mimi naona wewe nahesabu na vidole, mimi naona. Nikanyamaza."

Mama alilia. Haboba naye. Mimi nilikaa katikati yao nikiwa sijui nimshike nani, nikaamua kuzishika sahani.

Ni Haboba aliyejifuta kwanza. Alimwita Baba, ambaye alikuwa juu ya basi akifungua jerikeni, akamwambia ashuke aache kelele. Kisha akamgeukia Mama.

"Ile kuku yako ya madoa, si nataka lala mayai?"

"Nataka."

"Lalisha. Halafu nenda na bwana yako. Mimi nabaki hapa, na kuku. Hii miguu iliona Uganda ya kutosha." Akatema tumbaku. "Mara hii mtu iko. Mimi iko."

Mama alinipokea sahani, akaenda kuzirudisha kabatini. Siku ya pili aliendelea kupita kwa ubavu nyuma ya gari, na Baba akabaki hajui arudishe viti au asirudishe. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mama nje, anainua yai moja moja juani, analitazama kwa ndani, analitikisa karibu na sikio. Mengine aliyarudisha kwa ajili ya kukaanga. Yaliyomridhisha aliyapanga kwenye sufuria kuukuu yenye majani makavu, akatia na kipande cha mkaa ili radi isiyaharibu, kama wanavyofanya watu wa kwao. Akamweka kuku wa madoa juu yake. Kuku akajitikisa, akashusha mbawa, akatulia.

"Baba Keji," aliita. "Wapi hiyo pazia? Nataka nyoosha. Wewe ulishona kama mlevi."

Mimi bado nilikuwa na shaka, na siku tulipopandisha godoro garini nilimuuliza Mama waziwazi, kwa mara ya kwanza: tunakimbia au hatukimbii? Alinionyesha Haboba, aliyekuwa ameketi karibu na sufuria ya kuku na fimbo ya kufukuzia mwewe magotini.

"Kama nakimbia," alisema, "mimi nitaacha mama yangu?"

Hapo niliamini. Nilipanda garini nikalala kifudifudi kwenye godoro na kuivuta ile harufu.

Safari yenyewe mngeicheka. Nimule, askari wa mpakani alizunguka gari mara mbili, akafungua koki, akashtuka maji yalipotoka, akamuuliza Baba kwa upole kuna nini Juba. Karuma tulilala tukisikia maji, na Wani akakojolea godoro. Pale kambini, nyumba ya udongo ya akina Mama ilikuwa imeanguka na mtu amepanda mihogo juu yake. Mama aliung'oa muhogo mmoja, akaula mbichi, akasema udongo ule bado mzuri. Tuliketi Jinja kando ya maji, na yeye akaosha miguu yake hapo akicheka, kwani Baba alikuwa anajaribu kupika chapati juu ya jiko la gesi na zote zinatoka na umbo la mbuzi. Nilikuwa sijajua kwamba Mama anaweza kucheka mpaka akaomba watu wamwache.

Lakini wakati wa kurudi gari liliharibika Gulu. Kipuri kilikosekana, kikaagizwa Kampala, na siku zikapita. Mama alibadilika. Alivaa nguo zake za safari tangu asubuhi, akakaa kwenye benchi na mfuko wake mapajani, hakuufungua hata kutoa kitana. Baba alikuwa chini ya gari akitokwa jasho, na mimi niliona anaogopa, na safari hii nilijua anaogopa nini. Hakuwa anaogopa askari wala barabara. Alikuwa amemwahidi Mama kwamba tutarudi kabla mayai hayajafunguka. Wiki tatu za kuku haziongezwi na mtu.

"Panda basi ya abiria, uende," alimwambia Mama. "Mimi nitakuja na watoto."

"Hapana. Tulikwenda wote," alisema Mama. "Tutarudi wote."

Kipuri kilikuja. Baba aliendesha akiwa ameinama juu ya usukani kana kwamba anausukuma. Tulipokata kona kwenye duka la Mama Nakato, yeye alitoka mbio na mikono juu akipiga vigelegele, "Wamerudi! Na godoro yao!" Mama alikuwa amefungua mlango kabla gari halijasimama.

Haboba alikuwa palepale tulipomwacha, na fimbo yake. Sufuria ilikuwa tupu, imebaki na maganda. Mama aliyaona maganda akasimama. Kisha kuku wa madoa akatokea nyuma ya jiko, mahali pale pale nilipochimba shimo langu, na vifaranga wake nyuma yake, wa njano na wa kahawia, wanakimbia na kuanguka. Alimwona mtu mgeni uani kwake. Akatuna manyoya yote, akamjia Mama mbio, akaanza kumdonoa miguu.

Mama hakurudi nyuma. Alisimama hapo na viatu vyake vya safari, anadonolewa, machozi yanamdondoka kidevuni.

"Ndiyo," alimwambia kuku. "Ndiyo, ndiyo. Mimi nimerudi."

"Mbili iliharibika," alisema Haboba kutoka mkekani. "Moja mwewe alichukua. Mimi nasema ukweli."

Ninyi mnajua vita vilivyokuja miaka kadhaa baadaye, sina haja ya kuvisimulia. Asubuhi vilipofika mtaani kwetu Baba aliwasha basi, na Haboba tukambeba kwa mikono tukamlaza nyuma, juu ya godoro ambalo lilikuwa limekwisha kuwa jembamba. Wani alikuwa mkubwa wa kutosha kuuliza. Aliuliza tunakwenda wapi. Mama na Baba na mimi, kila mmoja akawa anatafuta uongo mdogo wa kumpa. Haboba ndiye aliyejibu. Alimshika uso kwa viganja viwili.

"Tunakimbia, mtoto yangu," alisema. "Hii siyo kutembea. Kutembea ulikwenda ile siku. Hii nakimbia. Lia kama nataka."

Basi lile liliishia huko Uganda, likauzwa vipande vipande. Haboba amezikwa huko pia. Na kwa sababu alisema vile, sisi tuliobaki tunalo neno moja ambalo halikuharibika: kutembea.

Muuza magodoro bado alikuwa ananingoja, kisu juu ya sponji.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Hatuhami. Tunaenda kutembea."

Alinitazama usoni kwa muda, juu ya ile miwani yenye uzi. Sijui aliona nini. Akakata.

Nilifika nyumbani na raksha, godoro limefungwa juu, majirani wananyoosha shingo. Mama anakaa nasi sasa, na magoti yanamsumbua. Nilikuwa nimemwomba tangu wiki iliyopita aje nasi, akawa hasemi ndiyo wala hapana. Nilimkuta nje, ameketi kwenye kigoda, fimbo ya kufukuzia mwewe magotini, sufuria kuukuu yenye majani makavu iko miguuni pake. Alikuwa ameinua yai juani, analitazama kwa ndani.